Gary Kildall na siku ya ndege: namna ya kuchunguza maisha ya mwasisi wa kompyuta

Anayetaka kuandika maisha ya Gary Kildall hukutana na ndege kabla hajakutana na mtu mwenyewe. Ukiandika jina lake kwenye intaneti, mstari wa kwanza au wa pili utakwambia kwamba mwaka 1980 watu wa kampuni ya IBM walibisha hodi Pacific Grove, California, wakitafuta mfumo endeshi wa kompyuta yao mpya, na mwenye mji alikuwa angani akistarehe na ndege yake. Wakaenda zao kwa Bill Gates, na Kildall akaukosa utajiri wa karne. Hadithi hiyo ni tamu na inasimulika kwa pumzi moja, ndiyo maana imedumu. Ndiyo maana pia mtafiti hapaswi kuanzia hapo.

Anzia miaka minane nyuma. Kildall alizaliwa Seattle tarehe 19 Mei 1942, akapata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1972, na kwa miaka hiyo alikuwa mwalimu katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini la Marekani kilichopo Monterey. Karatasi za kipindi hiki zina thamani kuliko zote zinazofuata, kwa sababu aliyeziandika hakujua kwamba siku moja kutakuwa na ugomvi juu ya jina lake. Hazimtetei wala hazimshutumu mtu. Tasnifu yake ya 1972 inahusu namna ya kupunguza hesabu zinazorudiwa bure pale programu inapotafsiriwa kwenda lugha ya mashine. Mwaka uliofuata alitoa makala ya kitaaluma iliyopanua wazo hilo: taarifa husukumwa kufuata njia zote ambazo programu inaweza kupita, tena na tena, mpaka pasiwe na kinachobadilika. Njia hiyo bado hufundishwa kwa jina lake katika masomo ya kutengeneza vikusanyaji vya programu (compilers). Ukishasoma kurasa chache za makala ile, utamwona mtu mwenye subira ya kihisabati, na picha ya kijana mchezaji aliyekimbia kikao itaanza kukusumbua. Usumbufu huo ni mzuri, ushike.

Chuo kile cha Monterey kina hifadhi ya kidijitali iitwayo Calhoun, na haitozi chochote. Kosa la kawaida ni kutafuta jina la Kildall kama mwandishi na kuishia hapo. Mwalimu huacha alama kwa wanafunzi wake, kwa hiyo tafuta pia tasnifu ambazo yeye alikuwa msimamizi. Ya Gordon Eubanks, Desemba 1976, inahusu lugha ya programu ya BASIC kwa ajili ya mikroprosesa, na ndani yake unaiona CP/M, mfumo endeshi alioutengeneza Kildall, ikifanya kazi kama chombo cha kila siku darasani, miaka minne kabla IBM hawajapiga simu. Soma hasa ukurasa wa shukrani na viambatisho vya mwisho. Huko ndiko majina ya watu waliosaidia hujitokeza bila kupambwa.

Kisha weka mpaka wa tarehe. Kwa Kildall mpaka ni kiangazi cha 1980. Kila karatasi, mahojiano na tangazo lipangwe upande mmoja au mwingine wa mpaka huo, na lisihame. Upande wa kabla kuna kitu adimu: Januari 1980 Kildall mwenyewe aliandika historia ya CP/M katika jarida la Dr. Dobb's. Hapo ameeleza mwanzo wa kazi yake akiwa hana sababu ya kujitetea, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemsema. Juni 1981 akaandika tena katika jarida la Byte, safari hii baada ya mpaka lakini kabla IBM hawajatangaza kompyuta yao tarehe 12 Agosti 1981. Zisome makala hizo mbili siku moja, moja baada ya nyingine, kisha ziandikie maelezo mafupi ya nini kimebadilika katika sauti yake.

Hapa kuna mtego wa tarehe za majarida. Mwezi ulio kwenye jalada si mwezi jarida lilipouzwa, wala si mwezi makala ilipoandikwa. Toleo la Popular Electronics lililoonyesha kompyuta ndogo ya Altair lina jalada la Januari 1975, lakini lilifika kwa wasomaji kabla 1974 haijakwisha. Makala ndefu huandikwa wiki nyingi kabla ya kuchapwa. Kwa hiyo katika jedwali lako weka safu mbili: tarehe ya jalada, na tarehe ya mwisho ambayo tukio linaweza kuwa lilijulikana kwa mwandishi. Ukizichanganya, utamtuhumu mtu kuficha jambo ambalo lilikuwa halijatokea.

Mtego mwingine uko kwenye utafutaji wenyewe. Majarida ya zamani yamepigwa picha na kusomwa na mashine, na mashine hukosea. Alama ya mkwaju katika CP/M huweza kusomwa kama I kubwa, l ndogo au namba 1, hivyo tafuta CPIM, CPlM, CP1M na CPM pia. Herufi mbili za mwisho za Kildall nazo hugeuka. Kampuni ya Kildall ilianza kwa jina la Intergalactic Digital Research, baadaye Digital Research, na watu wakaifupisha DRI. Ukiandika neno Digital peke yake utazama katika habari za Digital Equipment, kampuni nyingine kabisa. Na mkewe, Dorothy, anatokea mara kama Dorothy Kildall, mara kama Dorothy McEwen.

Hapo kwa Dorothy pana deni la haki. Yeye ndiye aliyeendesha biashara: kupokea oda, kuandika mikataba, kulipa watu, tangu kampuni ilipokuwa ndani ya nyumba yao. Wasifu mwingi humtaja mara moja tu, kama mke aliyekataa kusaini karatasi ya IBM. Anayemtafuta kwa jina moja atapata nusu ya kazi yake, kisha ataandika kana kwamba nusu nyingine haikuwepo. Mtengenezee jalada lake mwenyewe, si ukurasa ndani ya jalada la mume.

Sasa tuirudie ndege, tukiwa na jedwali mkononi. Kwa kila msimuliaji jaza mambo manne: ni nani, alisema mwaka gani, siku ile alikuwa wapi, na kama hakuwepo, alisikia kwa nani. Safu ya tatu ndiyo hufanya kazi kubwa, kwani wengi wa waliosimulia kwa uhakika mkubwa hawakuwepo Pacific Grove, California wala hata jimbo la jirani.

Ukilijaza jedwali, hadithi moja hugawanyika vipande vinne, na kila kipande kina uzito wake.

Kwanza, aliruka? Ndiyo. Tom Rolander, mfanyakazi mwenzake, alikuwa naye ndani ya ndege, na amelieleza hilo mwenyewe. Walikwenda Oakland kumwona mteja, Bill Godbout. Pima ramani: kutoka Monterey hadi Oakland ni takriban kilomita 130 kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara unaizunguka ghuba. Kwa mtu mwenye leseni ya urubani hiyo ni safari ya kikazi ya asubuhi. Neno "akistarehe" halina shahidi.

Pili, nani aliwapokea wageni? Dorothy, na mwanasheria wa kampuni, Gerry Davis. Kilichokwamisha ni hati ya kutunza siri ambayo IBM waliwataka waisaini kabla ya mazungumzo yoyote. Kipande hiki kinakubaliwa na pande zote, ila hakina mvuto wa ndege, hivyo husahaulika.

Tatu, Kildall alirudi akakutana na wageni mchana ule? Yeye alisema ndiyo, na kwamba usiku aliendelea kuzungumza na mtu wa IBM ndani ya ndege ya abiria kwenda Florida, wakapeana mikono. Jack Sams, aliyeongoza ujumbe wa IBM, alisema hakuwahi kukutana naye. Hapa mtafiti hatakiwi kuchagua anayempenda. Ziandike kauli zote mbili, kila moja na mwaka wake, na uziache zisimame. Msomaji mwenye akili ataelewa.

Nne, je, siku hiyo ndiyo iliyoamua? Kipande hiki kina ushahidi wa bei, na bei haina hasira. Microsoft, kampuni ya Gates, walipata mfumo kutoka kampuni ya Seattle Computer Products, ulioandikwa na Tim Paterson. Kildall alipouona unavyofanana na wake, alilalamika kwa IBM, na IBM wakakubali kuuza CP/M-86, yaani CP/M ya kompyuta yao mpya, pamoja na ule mwingine. Kompyuta ilipotoka, PC DOS, yaani ule mfumo wa Microsoft, iliuzwa dola 40. CP/M-86 ilifika miezi kadhaa baadaye, mwaka 1982, kwa dola 240. Mnunuzi aliyesimama dukani alikuwa na machaguo mawili, moja mara sita ya jingine, na la ghali lilichelewa. Kwa maoni yetu, sura ya kitabu kuhusu jambo hili inapaswa kuwa na kurasa nyingi za rafu la duka kuliko za kiwanja cha ndege. Akili ya kuambiwa, changanya na yako.

Ushahidi ambao waandishi wa wasifu huuogopa ni programu zenyewe. Usiuogope, maana siku hizi haufichwi. Mwaka 2014, kwa bahati nzuri, jumba la makumbusho ya historia ya kompyuta la Mountain View liliweka hadharani msimbo, yaani maandishi ya programu, wa MS-DOS 1.1 na 2.0 (DOS kwa jina la Microsoft) mwezi Machi, na wa matoleo ya mwanzo ya CP/M mwezi Oktoba. Unaweza kuvipakua vyote viwili ukavilaza ubavu kwa ubavu.

Anza na jambo dogo ambalo hata asiye mtaalamu ataliona. Katika CP/M, programu ikitaka kuandika maneno kwenye kioo, huweka namba 9 katika rejista C (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa), huonyesha mahali maneno yalipo, kisha huita anwani ya 5. Mfumo huandika herufi moja moja mpaka ukutane na alama ya dola, ndipo huacha. Alama ya dola, kitu kinachotumika kila siku katika bei! Ukitaka kuandika "jumla $40" kwa njia hiyo, mfumo unakomea kwenye "jumla". Sasa fungua DOS: huduma namba 9, huandika maneno, huishia kwenye alama ya dola. Endelea. CP/M hupakia programu kuanzia anwani 0100 ya heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), huweka jina la faili la kwanza kwenye 5C na maneno ya amri kwenye 80. Katika DOS, ndani ya sehemu iliyotengewa programu, ni 0100, 5C na 80 vilevile.

Wengi hapa huruka kwa furaha na kuandika "wizi". Tulia. Kinachofanana ni namba za huduma na mahali pa kuwekea vitu, yaani mlango wa kuingilia. Kilicho nyuma ya mlango ni jambo jingine. Paterson alieleza kwamba alifuata kijitabu cha maelekezo cha CP/M kwa makusudi, ili programu zilizokwisha andikwa zihamishike kwa urahisi. Uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa na Bob Zeidman kwa kulinganisha misimbo haukupata ushahidi wa kunakili msimbo. Kwa hiyo sentensi salama ni hii: DOS ilifuata sura ya nje ya CP/M kwa karibu sana, na msimbo wa ndani haujaonyeshwa kuwa umenakiliwa. Ni ndefu na haina moto, lakini itadumu.

Kesi ya mahakamani nayo husomwa vibaya. Paterson alimshtaki mchapishaji wa kitabu cha 2004 kilichosema kazi yake ilikuwa nakala ya kazi ya Kildall, na mwaka 2007 jaji wa Seattle akaitupa kesi. Watu huandika kwamba mahakama iliamua DOS iliibwa. Haikuamua hivyo. Ilikuwa kesi ya kuchafuliwa jina, na swali lilikuwa kama mwandishi alivuka mpaka wa sheria ya kashfa. Soma uamuzi wenyewe badala ya habari ya gazeti. Nyaraka za mahakama za shirikisho la Marekani hupatikana mtandaoni kwa senti 10 kwa ukurasa, bila kuzidi dola 3 kwa hati moja katika nyingi ya hati hizo, na usipozidisha dola 30 kwa robo mwaka hulipi kitu. Kabla ya kulipa, angalia kama hati imeshawekwa bure kwenye CourtListener.

Ukibahatika kupata diski za zamani za inchi 8, kuna mambo ya kujua kabla ya kuzigusa. Kiendeshi chake hakitumii umeme wa kompyuta ya kawaida: kinahitaji volti 24, na vingi huhitaji umeme wa ukutani kwa mota. Usiiingize diski yenye ukungu au inayotoa unga wa kahawia. Mzunguko mmoja tu chini ya kichwa cha kusomea unaweza kukwangua tabaka la sumaku, na hakuna wa kulirudisha. Isafishwe kwanza kwa alkoholi ya isopropili na isomwe mara moja, kwa kifaa kinachonakili mawimbi ya sumaku yenyewe, kama Greaseweazle. Kisha fanya kazi na nakala tu. Diski ya kawaida ya CP/M ina traki (duara za kuandikia) 77, sekta (vipande) 26 kwa traki, baiti 128 kwa sekta, jumla baiti 256,256. Nakala yako ikipungua hapo, kuna traki haikusomeka. Traki mbili za kwanza ni za mfumo. Kwa kutazama yaliyomo, amri `cpmls -f ibm-3740 nakala.img` ya programu za cpmtools inatosha.

Jambo la kuuma ni kwamba CP/M ya miaka ile haikuandika tarehe ya faili. Hakuna siku wala saa. Tarehe unayoiona kwenye kompyuta yako ni ya siku nakala ilipotengenezwa, na tumeona watu wakiinukuu kama ya Kildall. Itafute tarehe kwenye mistari ya maelezo ndani ya msimbo, kwenye lebo ya karatasi, au kwenye barua iliyoambatana na diski. Upande mwingine kuna neema mbili. Faili likifutwa, mfumo hubadilisha baiti moja tu ya orodha kuwa E5, na maandishi hubaki mpaka yafunikwe na mengine. Na kwa kuwa urefu wa faili huhesabiwa kwa vipande vya baiti 128, baada ya alama ya mwisho wa maandishi, 1A, huweza kubaki mabaki ya kilichoandikwa kabla. Tazama mabaki hayo kwa kihariri cha heksadesimali kabla hujasema diski ni tupu. Ukikuta ya faragha humo, yaache.

Kuhusu mahojiano: mengi yamekwisha fanywa na kunakiliwa na makumbusho yale ya Mountain View, kwa hiyo soma kwanza, uliza baadaye. Kumbuka saa. Saa tatu asubuhi ya California ni saa moja usiku Nairobi na Dar es Salaam wakati wa kiangazi chao, na saa mbili usiku wakati wa baridi. Usiulize "nini kilitokea siku ile", maana utajibiwa kwa hadithi ambayo mzee ameshaisimulia mara mia. Uliza kilichoshikwa na mkono: hati ilikuwa na kurasa ngapi, nani aliibeba, walikaa chumba gani, gari liliegeshwa wapi. Kumbukumbu ya vitu huharibika polepole kuliko kumbukumbu ya maana. Ili umsikie Kildall mwenyewe akizungumza, tazama vipindi vya The Computer Chronicles alivyoendesha pamoja na Stewart Cheifet katika miaka ya 1980. Vipo katika Internet Archive. Mwone anavyomwacha mgeni amalize sentensi.

Aliandika pia kumbukumbu zake mwaka 1993, akawapa watu wachache. Mwaka 2016 watoto wake waliruhusu sehemu ya kwanza tu itolewe, wakieleza kwamba sehemu ya baadaye iliandikwa akiwa ameelemewa na ulevi na haimwonyeshi baba waliyemjua. Heshimu mpaka huo. Kilichotolewa kinatosha kwa mengi, ila kiweke upande wa baada ya mpaka wa tarehe: ni maneno ya mtu aliyeumia, miaka 13 baada ya tukio. Vivyo hivyo kifo chake. Alifariki Monterey tarehe 11 Julai 1994, siku chache baada ya kuumia kichwa, akiwa na miaka 52. Masimulizi ya namna alivyoumia yanapingana, na mtafiti hana haki ya kuziba pengo kwa kubuni.

Mwisho, picha. Kila anayeandika habari zake hupiga picha kibao cha shaba kilichowekwa tarehe 25 Aprili 2014 mbele ya nyumba namba 801 ya Lighthouse Avenue, Pacific Grove, kinachosema alionyesha CP/M ikifanya kazi mjini humo mwaka 1974. Kibao kinasema kweli, lakini kinataja mji, si nyumba hiyo. Mwaka 1974 kampuni ilikuwa bado haijahamia pale. Kazi ilifanyika nyumbani kwake, kwenye kibanda cha zana. Andika hivyo chini ya picha.